Sakafu ya Michembe

Mashimo tuliyaogopa sote, hata mimi ambaye huona aibu kuogopa vitu. Wachimbaji wa dhahabu walikuja kijijini kwetu, mwendo wa bodaboda kutoka Kasoli, mwaka ambao pamba ilikataa. Walichimba shamba la mama na mashamba ya majirani wawili, wakaishi kwenye maturubai msimu mzima, halafu wakasikia kuna jiwe zuri zaidi mahali pengine. Wakakunja maturubai wakaondoka. Mashimo hayakunjwi, kwa hiyo yalibaki.

Mengine yalikuwa yamezuiliwa kuta kwa magogo, lakini magogo yale hayakukaa. Kwetu kuni ni shida, na gogo la bure haliachwi lilale. Akina mama waliyachomoa moja moja, wakapikia, na mvua za kwanza ziliponyesha kuta zikaporomoka, shimo la upana wa mlango likawa la upana wa nyumba. Maji yakatuama humo, mbu wakazaliana, na malaria ikaacha kuwa ugonjwa wa msimu. Ndama wa jirani alitumbukia, akalia mchana kutwa, na tulipopata kamba alikuwa ameshanyamaza. Baada ya hapo watu wakakata miiba wakazungushia kila shimo. Watoto walitishiwa kwa kila aina ya uongo ili wasisogee, na mimi mwenyewe nilitunga baadhi ya uongo huo.

Kitu ambacho hakuna aliyekizungushia miiba ni sakafu.

Ilikuwa pembeni mwa shamba la mama, mahali palipoinuka kidogo. Sakafu ya saruji, pana kama chumba cha kulala, yenye kingo za kiganja kimoja na mteremko mdogo kuelekea upande mmoja. Ilikuwa nyororo. Ukiipitishia mkono ilikuwa baridi na safi, na katika kijiji ambacho nyumba nyingi bado ni za udongo, saruji ya namna ile ilikuwa inatamanisha. Nimeifikiria sana sakafu ile tangu wakati huo. Shimo linakutisha kwa sababu linafanana na hatari. Sakafu ilifanana na maendeleo.

Inabidi niseme kidogo kuhusu mimi. Ni mwalimu wa shule ya msingi Bariadi mjini, na nakiri nina ugonjwa wa ualimu. Nikiingia nyumba ya watu, jicho linakwenda kwenye mtungi wa maji kuangalia kama umefunikwa. Nyumbani kwetu wananitania kwamba nikifika hata kuku wanajipanga mstari. Nilikuwa naufurahia utani huo, na wazazi wa pale kijijini walikuwa wakiniletea watoto wao niwakague madaftari wakati wa likizo, nami nilikuwa nafurahia hilo pia.

Na inabidi niseme kuhusu michembe, kwa ajili ya wasioijua. Viazi vitamu vikivunwa huachwa vinyauke kidogo, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka viwe vikavu kabisa. Huwekwa akiba. Miezi ambayo shamba halina kitu, mtu huchota, huosha, huchemsha na karanga zilizotwangwa, na familia inashiba. Kazi ya kukata haifanywi na mtu mmoja. Mama na majirani zake wanne walikuwa na mzunguko wao: leo wote kwa huyu, kesho kwa yule, visu vinapita na maneno yanapita. Na baada ya kukauka, kila mmoja humpelekea mwenzake beseni aonje. Beseni hilo halirudi tupu.

Katika mzunguko ule mama yangu alikuwa na sifa yake. Michembe yake haikuwa na mchanga. Kuna nyumba ambazo ukila michembe yao unasikia meno yakilalamika, na wanawake huwa hawasahau jambo kama hilo, hulisema kwa kicheko kwenye misiba na harusi. Mama alikuwa akianika kwenye jabali nyuma ya nyumba, jabali pana ambalo bibi naye alianikia. Wachimbaji walilivunja. Walidhani lina kitu ndani. Halikuwa na kitu.

Kwa hiyo nilipofika likizo ya mwezi wa sita nilimkuta mama amepiga magoti uani, kwenye udongo uliopakwa samadi, anaokota mavi ya mbuzi katikati ya vipande vya viazi. Wifi yangu alikuwa upande wa pili anafukuza mbuzi hao hao. Yeye ni mke wa mdogo wangu, na mdogo wangu kiangazi huwa yuko upande wa Lingeka na ng'ombe, kwa hiyo wifi anakaa na mama. Alikuwa na ujauzito wa miezi mitatu. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu hatukuwa tunaitaja kwa sauti. Tulikuwa tunamwambia tu asibebe ndoo kubwa.

Niliona uchungu kumwona mama vile. Nikatembea tembea, nikafika kwenye sakafu, nikarudi nimejaa jawabu.

"Mama, mnahangaika na mavi ya mbuzi na saruji ipo pale?"

Mama alinyoosha mgongo. "Kile ni kitu cha wachimbaji."

"Wachimbaji wameondoka."

"Walikuwa wanafanyia nini pale?"

"Walikuwa wanaoshea mawe," nikasema.

Sikuwa nimewaona wakiosha mawe. Sikuwa nimeona chochote, wakati wa uchimbaji nilikuwa Bariadi nafundisha kujumlisha. Lakini mwalimu akiulizwa swali hujibu, na mama akijibiwa na mwanawe aliyesoma huamini. Wifi alinichotea maji, ndoo ndogo ndogo, nami nikaimwagia sakafu sabuni ya unga nikaisugua kwa ufagio mgumu mpaka jasho likanitoka. Yeye akawa ananimwagia maji, mimi nasugua, tunacheka. Jioni mama alimwaga viazi vyake vya kwanza pale. Vilionekana vizuri mno, vyeupe juu ya kijivu, na mbuzi wakabaki wamesimama mbali kwa sababu kwato zao zilikuwa zinateleza. Mama aliniambia, "Wabeja, ng'wana wane." Asante, mwanangu. Nilirudi mjini nikijisikia mtu wa maana.

Wenzake wanne waliona. Kabla mwezi haujaisha mzunguko mzima ulikuwa unaanika kwenye sakafu, kwa zamu.

Mama alinitumia debe zima kwa bodaboda. Nyumbani kwangu tulikula, mume wangu, watoto wangu, wageni. Na kule kijijini wifi alikula kuliko sisi wote, kwa sababu ujauzito ulikuwa umemkatalia harufu ya ugali, na dagaa hakutaka hata kuwaona. Michembe ndiyo iliyokuwa ikikaa tumboni. Mama alikuwa akinipigia simu kwa furaha: leo amekula asubuhi na mchana, leo ameomba tena. Mimba ilipita mwezi wa nne, ikapita wa tano. Tukaanza kuitaja kwa sauti.

Mwezi wa tisa nilikuwa namalizia nyumba yetu, pembezoni mwa mji, na fundi wa sakafu alikuwa akifanya chumba kimoja kimoja kadiri tulivyoweza. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, anayependa kazi yake. Saa nne nilimletea chai na sahani ya michembe ya karanga. Alimaliza, akaongezewa, akamaliza tena.

"Mwalimu, hii michembe haina mchanga hata chembe," alisema. "Mama yako anaanika wapi?"

Basi nikamsimulia, na nilisimulia vizuri, maana nilikuwa nimeshaisimulia hadithi ile kwa walimu wenzangu mara kadhaa. Jabali lililovunjwa, mbuzi, sakafu, ufagio. Alisikiliza, akaniuliza jina la kijiji. Nilipomtajia, aliangalia sahani yake tupu, akaiweka chini taratibu.

"Sakafu ile niliimwaga mimi," akasema.

Nilicheka. Nilidhani anajisifu. "Basi ulifanya kazi nzuri."

"Unajua kwa nini niliipiga niru, ule uji wa saruji wa kulainisha, mara mbili, ikateleza vile?"

Sikujua.

"Walitaka zebaki isipotee kwenye matundu ya saruji. Pale ndipo walipokuwa wanakamatishia, mwalimu. Unga wa jiwe unamwagwa pale, unawekewa zebaki, unasuguliwa kwa mikono, wengine wanakanyaga kwa miguu, mpaka dhahabu inashikana na zebaki. Halafu wanaichoma hapo hapo pembeni, moshi unaondoka, dhahabu inabaki. Kila siku, msimu mzima."

Nikamwambia niliisugua kwa sabuni. Nilimwambia kama mtu anayejitetea mbele ya mkuu wa shule.

"Saruji inakunywa," alisema. "Hata ukipiga niru mara kumi, inakunywa. Na ile iliyochomwa, moshi wake unashuka. Ukianika viazi vibichi vyenye majimaji juu ya unga ule, vinabeba." Akaongeza, "Sikujua kama watu wangeanika chakula. Mimi ni fundi tu, niliambiwa nitengeneze."

Sikumlaumu. Hakuna mtu mwingine duniani angeanika chakula pale. Ni sisi tu, watu wa michembe, tuliovunjiwa jabali.

Mchana ule ule nilikwenda kwa daktari, dada mmoja mpole ambaye nilimfundisha mtoto wake. Nilimweleza yote. Nilitaka aniambie jambo moja kati ya mawili, kwamba ni sumu au si sumu, nami ningejua la kufanya. Hakuniambia hivyo. Alisema zebaki haionekani kwa macho ndani ya chakula, na kipimo chake pale hawana. Huenda iliyoingia ni kidogo mno, huenda si kidogo. Watu wazima wengi mwili huitoa taratibu kama wakiacha kula. Halafu akaniuliza kama kuna mjamzito.

Nilipomjibu alikunja uso kidogo. Alisema kinachoingia kwa mama humfikia mtoto, na kwa mtoto aliye tumboni zebaki hugusa ubongo na mishipa ya fahamu, na dalili zinaweza kuchelewa kuonekana mpaka mtoto aanze kushika vitu, kutembea, kusema. "Asile tena hata kipande," alisema. "Na yaliyopita, mwalimu, tutayajua kwa kumwangalia."

Nilimpigia simu wifi nikiwa barabarani. Nilimwambia asile michembe mpaka nifike.

"Kwa nini, wifi?"

"Nitakuja nikueleze."

"Nile nini sasa?" aliuliza. Haikuwa lawama. Alikuwa anauliza kweli, na mimi sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumamosi nilifika na mchele, mayai, na mabaki ya debe langu la michembe. Kwa Kisukuma hatuna neno la zebaki, au kama lipo mimi silijui, kwa hiyo nilimweleza mama kwamba ile ni dawa ya wachimbaji, inayong'aa, inayokimbia mkononi kama kitu hai, na kwamba ilikuwa kwenye sakafu na sasa iko ndani ya michembe. Nilimweleza alichosema daktari. Sikuficha habari ya mtoto.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au kwa ubishi. Mama aliongea polepole.

"Amekula kila siku," alisema. "Nilikuwa nampakulia mimi."

Halafu akasema, "Na wenzangu wote wameanika pale."

Aliinuka akaingia ndani, akatoka na mifuko mitupu ya salfeti. Nilijua anachotaka kufanya. Kwetu chakula ulichompa mtu hakidaiwi. Kumfuata mtu nyumbani kwake ukachukue chakula kutoka kwenye akiba yake ni jambo ambalo sijawahi kuliona, na mama mwenyewe alikuwa na miaka mingi kuliko mimi ya kutoliona.

"Mama, nitasema mimi," nikamwambia. "Nitawaambia ni mimi niliyewaonyesha sakafu."

Nilisema hivyo, na ndani ya moyo wangu nilikuwa naomba akatae. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilikuwa naomba.

"Wewe beba mifuko," akasema.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya rafiki yake wa ujana. Tulisalimiana, mwadila, mwadila, habari za watoto, habari za ng'ombe. Mwenyeji alidhani tumekuja kutafuta mbegu, akaanza kutuonyesha mahali alipozihifadhi. Mama akamkatisha kwa upole.

"Nimekuja kuchukua michembe. Ile niliyokuletea, na ile yako uliyoanika pale kwangu. Mahali pale pana dawa mbaya ya wachimbaji. Nilikosea. Mimi ndiye niliyepaona nikawaita."

Nilifungua mdomo. Mama hakunigeukia hata kidogo, aliendelea kuongea na rafiki yake, akimweleza habari ya zebaki kwa maneno yangu mwenyewe. Rafiki yake alimsikiliza, akashika mdomo, akaenda kuchota michembe. Nilikuwa na nafasi pale, wakati anachota. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa. Nikashikilia mfuko uwe wazi ili amimine.

Nyumba ya pili walitubishia. Mwanamke wa pale ni mtani wa mama wa siku nyingi, akasema wamekula miezi mitatu na hakuna aliyekufa, na kwamba kama mama ana njaa aseme tu, si lazima atunge sumu. Alisema kwa kicheko, lakini kicheko kiliisha mama alipokaa chini kwenye kigoda na kusema hataondoka. Tulikaa pale mpaka jua likasogea. Mwishowe yule mtani alitumwagia mfuko wake, akabakiza kidogo kwenye chungu akidhani hatujaona. Mama aliona. Alimwomba na kile kidogo.

Nyumba ya tatu hawakuuliza kitu, walikuwa na mtoto mchanga.

Nyumba ya nne ndiyo iliyoniumiza. Mwenye nyumba hakubisha kuhusu dawa. Aliamini mara moja, na akakasirika mara moja. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ni majivuno yako," alimwambia mama. "Ulitaka michembe yako isiwe na mchanga ili utucheke. Mchanga haujamuua mtu. Umetuponza sisi kwa ajili ya sifa."

Mama aliinamisha kichwa. Alisema, "Ni kweli, nilipenda sifa." Na mimi, mwalimu, ninayesimama mbele ya watoto arobaini kila asubuhi kuwaambia mkweli hupendwa na watu, nilikuwa nimesimama nyuma yake na mifuko mitatu mgongoni, kimya.

Nimejiuliza kwa nini. Jibu si gumu na halinipendezi. Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kupoteza pale kijijini, na alikipoteza kwa hiari yake, akiona kwamba mimi nina kikubwa zaidi. Angeharibika yeye, ni bibi mmoja aliyekosea pa kuanika. Ningeharibika mimi, ni mwalimu, na nani tena angeniletea daftari la mtoto wake? Hayo ndiyo aliyoyafikiria. Na mimi nilikubaliana naye. Nilitaka kubaki mwalimu, nikamwachia mama yangu aitwe mwenye majivuno kwa ajili ya jambo nililolianzisha kwa majivuno yangu.

Tulirudi na mifuko saba. Fundi alikuwa ameniambia tusiichome, maana moshi wake ndio mbaya zaidi, na tusiwape mbuzi. Tulichagua shimo moja kavu katika shamba la mama, lile la mwisho kabisa mbali na kisima. Sijui kama hilo nalo lilikuwa sahihi, hakuna aliyekuja kutufundisha. Wale wanawake wanne walikuja na majembe, hata yule aliyekasirika. Wakaondoa miiba, tukamimina. Ilichukua muda. Michembe inapomiminwa hutoa sauti kavu, na kila mmoja pale alikuwa akijua ni siku ngapi za kisu ziko kwenye kila mfuko. Kijiji chetu kina mashimo mengi ya dhahabu, na la kwanza kufukiwa lilifukiwa kwa chakula chetu.

Wifi alikuja pia ingawa tulimkataza. Alikuwa na miezi sita, tumbo limeshatangulia. Mmoja wa wale wanawake, bila ubaya, aliuliza huku akipumzika juu ya jembe, "Lakini wazo la sakafu lilitoka kwa nani hasa?"

"Kwangu," mama alisema.

Wifi aliniangalia. Alikuwa amenichotea maji siku ile, ndoo kwa ndoo. Aliniangalia kwa muda unaotosha mtu kusema sentensi moja fupi. Kisha akasema, "Wifi, sogea kidogo. Umesimama kwenye udongo tunaotaka kufukia."

Nikasogea.

Ofisi ya kijiji tuliipelekea habari ya sakafu na ya mashimo. Mtendaji aliandika kwenye daftari kubwa, baadaye wakaja watu wawili kwa gari, wakapiga picha, wakasema taarifa itapelekwa mbele. Labda imepelekwa. Sisi tuliizungushia sakafu miiba kama tulivyoyazungushia mashimo, na mama sasa anaanika kwenye turubai lililonunuliwa mnadani. Mzunguko wa kukata haukufa, ila siku hizi yule jirani wa nyumba ya nne huja na kisu chake, hukaa mbali na mama, na michembe ya mama ikipelekwa kwake kuonjwa, beseni hurudi limejaa vile vile, haijaguswa. Mama hulipokea, husema wabeja, hulimwaga kwenye mfuko wake. Hajawahi kulilalamikia hilo mbele yangu.

Mtoto alizaliwa wakati wa kupanda pamba. Wa kike. Alilia vizuri, alinyonya vizuri, wauguzi wakasema mzima. Mdogo wangu alitoka Lingeka kuja kumwona, akacheka siku nzima. Mimi nilimbeba nikamwangalia mikono. Nilimwekea kidole kiganjani, akakishika, nikafurahi, halafu nikaanza kujiuliza kama amekishika kwa nguvu ya kutosha. Tangu hapo sijaweza kumtazama mtoto yule kama shangazi mwingine anavyotazama. Alikaa kwa wakati wake. Kutembea alichelewa kidogo, lakini mwanangu wa pili naye alichelewa, na wakati wake sakafu haikuwepo. Maneno bado machache. Nikimuuliza daktari, hunijibu kwamba watoto hawafanani na tuendelee kumwangalia.

Kila likizo nikifika, wifi hunisalimu kwa heshima, hunipa maji, kisha humchukua mtoto popote alipo na kuja kumweka mapajani mwangu. Hasemi kitu. Huondoka akaendelea na kazi zake, na baada ya muda huja kumchukua. Mama huona yote hayo, na hugeuzia uso kwenye jungu lake.

Likizo iliyopita nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa wawili uani, mama amekwenda kanisani.

"Wifi," nikamwambia, "ile sakafu ni mimi. Nilipaswa kusema siku ile."

"Najua ni wewe," alisema. Alikuwa anapepeta mtama na hakusimamisha ungo. "Mimi nilichota maji. Hayo ya kwako na mama ni yenu, mtamalizana wenyewe, au msimalizane." Sasa akausimamisha ungo. "Mimi nataka uniambie kitu kimoja. Wewe ndiye uliyesoma. Mwanangu ni mzima?"

Mtoto alikuwa mapajani mwangu, anahangaika na kifungo cha blauzi yangu, anakishika, kinamponyoka, anakishika tena. Nilijua mama yake anataka neno gani. Lilikuwa tayari mdomoni, na lingemfurahisha, na pengine ndilo la kweli.

"Sijui, wifi," nikasema.

Halafu akauchukua ungo wake akaingia jikoni, akaniachia mtoto.